Nzi wa mchanga yupi anayeleta kala-azar Baringo?

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na maafisa wa afya wa Baringo, Turkana na Pokot Magharibi ni kama eneo lao lina nzi wa mchanga, mdudu anayeeneza kala-azar, ugonjwa wa homa ya muda mrefu unaoweza kuua. Jibu karibu kila mara ni ndiyo, na jibu hilo halimfai mtu kitu. La kuuliza ni hili: ni wa spishi gani, na mchana wanajificha wapi?

Mdudu mwenyewe ana milimita 2 hadi 3 tu, mwili wote vinyweleo, na akitua husimamisha mabawa yakafanya umbo la V. Harukii mbali, na kwa kuwa havumi, mtu huumwa bila kumsikia. Anayefyonza damu ni jike, apate kukuza mayai yake, na hutoka jua likishatua. Mabuu wake hukulia kwenye udongo wenye unyevu uliochanganyika na masazo ya majani na kinyesi. Kwa hiyo kampeni ya kufukia madimbwi, hata ikipunguza mbu, yeye haimgusi.

Ukitega mtego wa taa karibu na Marigat, huko Baringo, wengi watakaonaswa ni wa jenasi ya Sergentomyia, ambao hupendelea damu ya mijusi na watambaao wengine. Hao ndio ninaowatenga kwanza. Chini ya hadubini, vinyweleo vya juu ya tumbo lao vimelala, ilhali vya Phlebotomus, jenasi yenye spishi zinazoeneza kala-azar, vimesimama wima. Nikiwa na shaka natazama ndani ya kichwa, ambako Sergentomyia ana safu ya meno madogo sana.

Kutoka hapo kazi inakuwa ya subira. Nzi hulowekwa kwenye kemikali ya kung'arisha mpaka ngozi yake iwe angavu, kisha kichwa na ncha ya tumbo hukatwa na kulazwa kwenye kioo. Dume hatambuliki kwa rangi wala ukubwa bali kwa viungo vyake vya uzazi: nahesabu miiba iliyo kwenye vishikio vyake na kutazama kila mmoja umeota wapi. Jike natafuta vifuko anamohifadhia mbegu za dume, vilivyo ndani kabisa ya tumbo. Ndiyo maana nawasihi wanaotega wasitupe madume eti kwa sababu hawaumi. Majike ya Phlebotomus martini, P. celiae na P. vansomerenae yanafanana mno, na mara nyingi ni dume aliyenaswa mtego uleule anayetuonyesha pa kuelekea. Siku hizi vinasaba husaidia pale macho yanaposhindwa.

Kwa nini tujisumbue hivyo? Kwa sababu Baringo hiyohiyo ina magonjwa mawili tofauti. P. martini hukaa ndani ya matundu ya vichuguu vya mchwa na hueneza Leishmania donovani, kimelea cha kala-azar: homa ya wiki nyingi, bandama kuvimba, damu kupungua, mwili kukonda. Wasipotibiwa, zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa hufa. P. duboscqi hukaa kwenye mashimo ya panya na hueneza Leishmania major, ambayo huleta vidonda vya ngozi. Ukipanda hadi Mlima Elgon unamkuta P. pedifer mapangoni, wanamoishi pimbi, na kimelea chake ni Leishmania aethiopica.

Tena, nzi kukutwa na vimelea hakutoshi kumtia hatiani. Damu aliyoinyonya saa chache zilizopita inaweza kuwa na vimelea vitakavyokufa na kutolewa ikishasagwa. Mwenezaji wa kweli ni yule ambaye vimelea hung'ang'ania utumboni mwake, huzaliana, kisha husogea mbele hadi karibu na mdomo. Lazima pia awe anauma watu, na kimelea chake kiwe kilekile kinachopatikana kwa wagonjwa wa eneo hilo. Ninapopasua jike naye tumboni hana damu, nikaona vimelea vikichezacheza karibu na koo, hapo ndipo nachukua ushahidi kwa uzito.

Hata hivyo, kilicho kweli Baringo si lazima kiwe kweli kwingine. Sudan na Sudan Kusini kala-azar huenezwa na P. orientalis, wa misitu ya migunga na mijunju kwenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Anayekwenda huko kupulizia vichuguu anapoteza dawa.

Huku kwetu, wachungaji wasiketi wala kulala karibu na vichuguu giza likiingia, na chandarua kiwe chenye dawa, kwa kuwa matundu ya chandarua cha kawaida humpitisha nzi huyu. Mwenye homa iliyopita wiki 2, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, apelekwe kituo chenye kipimo cha haraka cha kala-azar. Na mkinitumia nzi, waje ndani ya alkoholi, madume na majike pamoja, na karatasi ya kunieleza kama mtego ulikuwa kichuguuni, kwenye shimo la panya au ndani ya nyumba.