UFAFANUZI: Si kila paneli ya alumini inahimili moto

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp: jengo la biashara likivikwa paneli za alumini kwa nje haliwezi kushika moto, kwa sababu "hiyo ni metali." Si kweli, na ni kosa la hatari.

Paneli nyingi zina unene wa milimita 4. Pande mbili ni bati la alumini la nusu milimita kila moja. Zile milimita 3 za katikati ndizo za kuulizia, maana mara nyingi ni plastiki ya polithilini, jamaa ya ile ya madumu ya maji. Ikipata moto huyeyuka na kudondoka ikiwaka, na uwazi ulio nyuma ya paneli huvuta ndimi juu kama bomba la moshi. Mwaka 2017 paneli za namna hii zilisambaza moto katika jengo la Grenfell Tower, London. Watu 72 walifariki.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Jicho huona alumini tu, na kiberiti kikisogezwa usoni mwake hakuna kinachowaka.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Kama unajenga, omba kipande kilichokatwa utazame ukingo wake. Rangi ya katikati haitoshi kuamua, hivyo dai cheti cha kipimo cha moto: daraja A2 la viwango vya Ulaya huwaka kwa shida sana. Kisha linganisha cheti na mzigo ulioshushwa saiti.