Druidi wa rungu: shida siyo kipigo, shida ni zamu

Kila anayetaka kutengeneza druidi (mchawi wa porini) wa kupigana uso kwa uso kwenye D&D toleo la tano, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, anaanzia palepale, anaongeza kipigo. Hata mimi. Sabuklasi yangu (tawi la aina ya mhusika) ya kienyeji ya kwanza (kienyeji kama kuku, imefugwa nyumbani) nilikuwa nimeipa d6, yaani dadu ya pande sita, ya ziada kila rungu likimgusa mtu, na bado mezani ilikuwa butu kinoma.

Tulikuwa kwenye majaribio, levo ya 4. Mchezaji wangu ana Shillelagh, ile kantripu (uchawi mdogo usioisha) inayofanya rungu lipige kwa Hekima badala ya Nguvu, na dadu yake inakuwa d8. Goblini wanne hao wametoka kichakani. Anataka kwanza awapige Faerie Fire wawake mwili mzima, ili kila atakayewashambulia arushe d20 mbili achukue kubwa, halafu hapohapo aamshe rungu aingie kati. Nikamwambia haiwezekani bana, maana Shillelagh inakula tendo la bonasi (lile dogo la ziada kwenye zamu), na sheria za 2014 zinasema ukishafanya uchawi kwa tendo la bonasi basi zamu hiyo uchawi mwingine ni kantripu ya tendo la kawaida tu, na Faerie Fire siyo kantripu. Ikabidi raundi ya kwanza awashe wale goblini tu, rungu lisubiri ya pili. Kabla ya hiyo ya pili watatu wakawa wameshamfikia wakamchoma mara tatu, konsentresheni (umakini unaoushikilia uchawi) ikakatika, na alipoanza kupiga ule mwanga haupo tena.

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Ustahimilivu wake ni +2, na druidi hana ujuzi kwenye seivu (kurusha dadu kujinusuru) za Ustahimilivu. Pigo dogo linadai arushe d20 afikishe 10 ili konsentresheni isikatike, yaani dadu ilete 8 kwenda juu, hiyo ni asilimia 65. Siyo mbaya ukiisikia hivyo. Sasa pigwa mara tatu kabla zamu yako haijarudi, inabaki kama 27. Kumbe ile d6 yangu ilikuwa inatibu mguu wakati mgonjwa analalamika jino.

Duara la Mwezi (duara ndiyo sabuklasi ya druidi), kwa sheria hizo za 2014, linakwepa shida hii kwa kuwa dubu levo ya 2, una damu (pointi za uhai) 34 za dubu juu ya za kwako na unajigeuza kwa tendo la bonasi, freshi, ila ukishakuwa dubu levo hiyo hufanyi uchawi. Duara la Spora linakuacha mtu na linakupa damu za muda 4 kwa kila levo, lakini kuliamsha kunakula tendo zima. Ugonjwa uleule wa kupoteza zamu.

Kwa hiyo Duara la Mwiba, toleo langu la sasa, levo ya 2 liko hivi: unatumia nafasi moja ya kujigeuza mnyama, kwa tendo la bonasi, na kwa dakika 10 ngozi inaota miiba. Unapata damu za muda 2 kwa kila levo, rungu lako linafanya kazi kama limepigwa Shillelagh, na seivu za konsentresheni unarusha dadu mbili unachukua kubwa. Kilicho muhimu ni kwamba huu *siyo uchawi*, ni uwezo, kwa hiyo ile sheria ya tendo la bonasi haikugusi na Faerie Fire inatoka zamu hiyohiyo. Na zile 27 zinapanda mpaka karibu 68.

d6 niliitoa. Iliniuma, lakini levo ya 6 nimempa mashambulizi mawili kama wanavyopata mabadi wa upanga (waimbaji wapiganaji), na mtu mwenye uchawi kamili mpaka ule wa levo ya 9 ukimpa vyote viwili huyo mpiganaji wa kawaida anakaa mezani kufanya nini? AC (namba ya kinga dhidi ya mapigo) sijaigusa. Ngozi ya mnyama 12, Wepesi +2, ngao 2, anafika 16 bila chuma, inamtosha.

Levo ya 10 anayekupiga kwa karibu anachomwa kidogo, hapo sikuumiza kichwa. Ya 14 bado ni ukurasa mtupu, nina wazo la miiba kuota ardhini pembeni yako lakini hilo litawachoma na wenzako waliosimama karibu, na mchezaji wangu kashasema hilo ndo analitaka.