Kukutwa maabara si kuponya: mitishamba ya Kichina na sonona

Dhana: "Wameipima maabara, wakakuta kemikali inayotibu sonona."

Hii nimeichoka. Anayekuja na kopo la Xiaoyao San, mchanganyiko uliorekodiwa China tangu enzi ya Song, hakosi kunionyesha kwenye simu utafiti unaotaja paeoniflorini, kemikali ya mzizi mmoja uliomo humo. Sawa, imo. Kukuta kemikali ndiyo kazi nyepesi: mashine za siku hizi hutoa majina kwa mamia kutoka chemsho moja. Kazi ngumu ni kujua ipi inafika mwilini. Panya akinyweshwa paeoniflorini, kama asilimia 3 hadi 4 tu ndiyo huingia kwenye damu ikiwa nzima. Sehemu ya inayobaki hugeuzwa na bakteria wa utumboni kuwa vitu vingine, na pengine hivyo ndivyo vyenye kazi. Chaihu, mzizi mwingine wa mchanganyiko huo, nayo hubadilika ikiwa bado sufuriani: kemikali zake, saikosaponini a na d, zikichemshwa hugeuka b1 na b2. Aliyepima mzizi mkavu hajapima unachokunywa.

Halafu kuna tafiti za kompyuta tupu. Unaingiza majina ya mimea kwenye hifadhidata, inakujibu: kwesetini, kemikali iliyomo kwenye mimea mingi. Uliza kisukari, kwesetini. Saratani, kwesetini tena. Kitunguu maji kimejaa kwesetini, na sijaona daktari anayeandikia wagonjwa kachumbari.

"Lakini panya walipona!" Panya hutumbukizwa kwenye chombo cha maji, zikahesabiwa sekunde anazoelea bila kupapatika. Akipapatika zaidi, dawa inasifiwa. Kafeini nayo humpapatisha.

Ukitaka kunishawishi, nijibu haya: kemikali hiyo imekutwa kwenye damu ya binadamu aliyekunywa dawa? Kwa kiwango gani? Na ikiondolewa kwenye mchanganyiko, dawa inapungua nguvu?

Dhana: "Ipo kemikali moja tu, kama artemisini ya malaria."

Artemisini, iliyotengwa kwenye mmea na kikosi cha mwanasayansi wa China Tu Youyou mwaka 1972, ilikuwa na bahati: vimelea vya malaria unavihesabu kwa darubini. Sonona haina kimelea, na Xiaoyao San ina mimea minane.

Dhana: "Ni mizizi tu, haina madhara hata ukichanganya na vidonge vya hospitali."

Gancao, yaani urukususu, iliyomo kwenye Xiaoyao San, ina glisirizini, ambayo ikizidi hushusha potasiamu na kupandisha presha. Kapsuli za Shugan Jieyu, dawa nyingine ya Kichina ya sonona, zina mmea uitwao Hypericum perforatum. Haiperforini, kemikali ya mmea huo, hulisukuma ini livunje dawa nyingine haraka, zikiwemo baadhi ya ARV na vidonge vya uzazi wa mpango. Ukiuchanganya na vidonge vya sonona kama fluoksetini, serotonini, kemikali ya ubongo, inaweza kupanda hadi ikawa hatari. Kwa hiyo usinipigie simu kunitajia rangi ya kopo. Lete boksi lenyewe tusome majina ya Kilatini, pamoja na kila kidonge unachomeza, na vya hospitali usiviache ghafla kabla daktari wako hajajua.