Nyambizi ya nyuklia: inaendeshwa nayo au inaibeba?

Redio ikitaja tu madini ya urani ya Mto Mkuju, kule Namtumbo, hapa Mwanjelwa, Mbeya, hakosi mtu wa kusema wanakuja kuchimba mabomu. Ikitajwa nyambizi ya nyuklia, kwao ni bomu linaloogelea.

Nyambizi ya nyuklia ni ile inayopata nguvu kwenye kinu cha nyuklia: chembe za urani zinapasuka na kutoa joto, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine. Kituo cha umeme cha Koeberg, Afrika Kusini, nacho ni hivyo hivyo. Silaha ni habari nyingine kabisa. Nyambizi ambazo Australia ilitangaza mwaka 2021 kuwa itazipata kwa msaada wa Marekani na Uingereza zitaendeshwa kwa nyuklia, ila hazitabeba silaha za nyuklia.

Urani ya ardhini ina asilimia 0.7 tu ya ile inayopasuka kirahisi. Vinu vingi vya umeme hutumia ya asilimia 3 hadi 5, bomu hutaka kama 90. Nyambizi za Marekani nazo hutumia ya zaidi ya 90, na bado vinu vyake haviwezi kulipuka kama bomu la Hiroshima, kwa sababu havikuundwa kama bomu. Hata Chernobyl, kituo cha umeme cha nyuklia huko Ukraine, mwaka 1986, kilichofumua kinu ni mvuke. Balaa ikawa moto na mionzi.

Hofu kubwa ni joto. Jiko la mkaa ukishaipua ubwabwa, makaa bado ni ya moto. Kinu nacho kikizimwa hubaki na joto la kuyeyusha fueli yake kisipopozwa. Hilo ndilo lililoipata Fukushima, kituo cha umeme cha nyuklia huko Japani, mwaka 2011, tsunami ilipozamisha jenereta za kuendesha pampu za kupozea. Manowari ya Marekani ya kubeba ndege, George Washington, yenye vinu viwili, iliondoka bandari ya Yokosuka, hukohuko Japani, kukwepa mionzi ya kituo hicho cha raia!

Usidhani jeshi halina ajali. Mwaka 1961 mfumo wa kupozea kinu uliharibika kwenye nyambizi ya Kisovieti K-19, na mabaharia walioingia kuutengeneza wakafa kwa mionzi. Ilifanywa siri kwa miaka mingi. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba vinu vya jeshi ni salama zaidi kwa kuwa havilalamikiwi sana. Kituo cha umeme kina majirani wa kuulizwa, vikao na magazeti. Nyambizi ina amri.

Basi ndugu yangu, ukiisikia tena nyambizi ya nyuklia redioni, anza na swali moja: inaendeshwa kwa nyuklia, au imebeba silaha za nyuklia? Zipo zenye vyote viwili, nazo zitaje hivyo.