Makato ya Social Security Marekani: unaweza kukataa?

Msimu wa kodi ukifika swali ni lile lile, "kaka, mi sina mpango wa kuzeekea huku, niwaambieje kazini wasinikate Social Security?" Huwezi. Huu ni mfuko wa pensheni wa serikali, hamna fomu ya kujitoa eti kwa sababu hutaki, na bosi hata akupende vipi hana ruhusa ya kuacha kukukata. Angalia slipu yako ya mshahara, utaona OASDI (ndo Social Security yenyewe) asilimia 6.2 na Medicare (bima ya afya ya uzeeni) 1.45, na bosi naye anaweka kiasi hicho hicho kutoka mfukoni mwake. Uwe raia, wa green card, wa H-1B (viza ya kazi), au unasubiri asylum (hifadhi ya ukimbizi) na kibali chako cha kazi, unakatwa tu.

Alafu kuna ndugu zetu wa Uber na malori wanaojisifu wao wameshatoka maana wanalipwa kwa 1099, yaani kama waliojiajiri. Hujatoka popote, umebebeshwa na fungu la bosi! Aliyeajiriwa kwa dola 40,000 anakatwa 3,060, wewe uliyebaki na faida ya 40,000 unadaiwa kama 5,650, na hiyo bado hatujagusa kodi ya mapato.

Sasa utaambiwa mbona Waamish, lile dhehebu la Kikristo la wanaotumia farasi badala ya magari, hawalipi. Ni kweli, wana fomu 4029, ila dhehebu lazima liwe lipo tangu 31 Desemba 1950 bila kukatika na liwe linatunza watu wake lenyewe, na wewe unasaini kabisa kwamba pensheni na Medicare huzitaki. Kwaiyo kanisa lililoanzishwa juzi kwenye basement ya mtu, hapana.

Wachungaji wao wana fomu 4361, na hapa ndo naona watu wanacheza na moto. Unaapa kwamba dhamiri yako ya kidini inapinga kupokea mafao ya serikali kwa kazi ya uchungaji, sio kwamba hela haitoshi. Ina muda wake wa kuipeleka, ikishakubaliwa huwezi kurudi nyuma, na inahusu mapato ya huduma tu, ukiendesha Uber Jumamosi hiyo unalipia kama kawaida. Mi huwa nawashauri waachane nayo, labda awe na akiba ya maana pembeni, maana uzeeni waumini hawakulipii kodi ya nyumba.

Kwa anayewaza kurudi nyumbani: pensheni inahitaji krediti 40, yaani kama miaka 10 ya kazi, na Marekani haina mkataba na Kenya wala Tanzania wa kuunganisha miaka yako ya NSSF na ya huku. Ukiondoka na 36, hupati pensheni.

Wasiotakiwa kukatwa kabisa ni wanafunzi wa F-1 (viza ya masomo), kwa miaka 5 ya kwanza ya kalenda, hata wakiwa OPT (kibali cha kufanya kazi inayohusiana na masomo yao), na hao ndo wanakatwa kimya kimya kwa sababu HR hajui. Kumbuka ukitua tarehe 28 Desemba huo nao ni mwaka mzima. Angalia boksi 4 na 6 za W-2 yako (fomu ya mwaka ya mshahara na makato), kama zina namba muombe kwanza mwajiri akurudishie, akikataa jaza fomu 843 na 8316, ambatisha W-2, viza na I-94 (rekodi yako ya kuingia Marekani), utume IRS (mamlaka ya kodi), na usikae sana maana kwa kawaida dirisha la kudai ni miaka 3.