Setilaiti Hailioni Lori Lako

Wiki iliyopita mwenye malori mmoja alinipigia simu akiwa amekwisha kumsimamisha kazi dereva wake, na ushahidi wote aliokuwa nao ulikuwa picha ya ramani kwenye simu: lori lilitoka Tabora kwenda Mpanda, likapita Sikonge, alama yake ikaganda porini kwa zaidi ya saa mbili, kisha ikajitokeza ghafla upande wa Katavi. "Setilaiti haidanganyi," aliniambia, "huyu amezima GPS akauza mafuta." Katika kazi yangu ya kufunga na kuhudumia vifaa vya kufuatilia magari na mizigo, hakuna kauli niliyoisikia mara nyingi kuliko hiyo, na hakuna inayoniumiza zaidi, kwa sababu kila inapotamkwa kuna mtu anayekaribia kupoteza riziki yake kwa jambo ambalo kifaa hakikulisema.

Dhana yenyewe ni kwamba huko juu iko setilaiti inayoliangalia gari, inalitambua, na inampelekea mwenye mali habari za mahali lilipo. Hakuna setilaiti ya GPS inayofanya kazi hiyo. Setilaiti hizo huzunguka dunia mara mbili kwa siku katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja hutangaza bila kukoma saa yake ya atomiki inasoma ngapi na yenyewe iko wapi. Mwadhini anapoadhini hajui ni nyumba zipi zimemsikia wala nani ameinuka. Setilaiti nayo hutangaza vivyo hivyo, na haipokei neno lolote kutoka kwenye lori. Hesabu yote hufanywa na kifaa kilichofungwa nyuma ya dashibodi, ambacho hupima ishara za setilaiti zisizopungua nne zimechukua muda gani kufika. Ya nne inahitajika kwa sababu saa iliyomo ndani ya kifaa si ya atomiki, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde hupotosha kipimo cha umbali kwa mita 300.

Kifaa kikishamaliza hesabu hiyo kinajua kilipo, na hakuna mwingine anayejua. Ili habari imfikie mwenye mali, kwa vifaa vya kawaida lazima ipite kwenye laini ya simu iliyomo ndani ya kifaa, iende kwenye mnara wa kampuni ya simu, ifike kwenye seva, ndipo ishuke kwenye simu yake mkononi. Njia hiyo ni ileile anayoitumia dereva kumpigia mkewe, na mahali ambapo dereva hapati mtandao, kwa kawaida kifaa nacho hakipati. Hata laini ikikosa bando, au gari likivuka Tunduma kuingia Zambia na laini haijaunganishwa na mitandao ya nje, ramani itaganda huku setilaiti zote ziko juu na zinatangaza kama kawaida.

Kwa hiyo ramani iliyoganda ina sababu kadhaa, na kila sababu huacha alama yake kwenye kumbukumbu, ikiwa mtu atakubali kuzifungua kabla ya kuhukumu. Palipokosekana mtandao, kifaa kizuri huendelea kuhesabu mahali na kuhifadhi kila nukta pamoja na saa yake, na kinapofika kwenye mnara hutuma nukta zote kwa mfululizo. Pasipoonekana anga, kwa mfano chini ya paa la bati la ghala, kifaa huendelea kuwasiliana na seva, lakini idadi ya setilaiti kinazozipata hushuka hadi sifuri na mahali panabaki palepale pa mwisho. Umeme wa gari ukikatwa, betri ndogo ya ndani huchukua kazi na tahadhari ya kukatwa umeme hutumwa, au huhifadhiwa ikiwa mtandao haupo. Dereva anayetumia kifaa cha kuvuruga mawimbi naye huacha alama: setilaiti hupotea zote kwa pamoja katika barabara iliyo wazi, injini ikiwa inawaka, na hurudi zote kwa pamoja. Jambo hilo lipo kweli na ni hatari kwa watu wengine. Mwaka 2013 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilitangaza kumtoza faini ya karibu dola 32,000 dereva mmoja aliyekuwa akijificha kwa mwajiri wake, kwa sababu kifaa chake kilivuruga mitambo ya kuongozea ndege katika uwanja wa Newark. Lakini wizi wa namna hiyo huthibitishwa kwa kumbukumbu, wala si kwa alama kusimama kwenye ramani.

Nilipozifungua kumbukumbu za lori lile la Mpanda, nukta zote zilikuwemo, moja kila sekunde 30, na zilionyesha gari likitembea muda wote isipokuwa dakika kumi na moja za mapumziko. Kiwango cha mafuta kilishuka polepole kwa mwendo, wala hapakuwa na kushuka kwa ghafla. Nukta hizo zilikuwa zimefika kwenye seva asubuhi ileile, lakini mwenye lori hakurudi kuangalia, kwa kuwa alikuwa ameshaamua.

Ndiyo maana siku hizi nawasisitizia wateja jambo moja kabla hata hatujazungumza bei: ripoti yoyote mtakayonunua lazima iwe na safu mbili za saa, moja ya wakati tukio lilipotokea na nyingine ya wakati seva ilipolipokea. Safu hizo zikilingana, mnatazama habari za sasa hivi. Zikitofautiana kwa saa mbili, gari lilikuwa nje ya mtandao, na hakuna kosa la mtu hapo. Muuzaji anayesema mfumo wake hauwezi kuonyesha safu hizo mbili asipewe kazi. Pamoja na hilo, kagueni majira yaliyowekwa kwenye mfumo. Vifaa vingi hutunza saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na mfumo usiporekebishwa, safari iliyoanza saa 11:00 alfajiri itasomeka kuwa ilianza saa 8:00 usiku. Nimewahi kuona barua ya onyo ya kutembea usiku iliyoandikwa kwa kosa hilo tu.

Dhana inayofuata kwa kunirudisha kazini bure ni ya kuficha kifaa ndani ya kontena ili wezi wasikione. Ishara ya GPS inapofika ardhini ni dhaifu mno, na kuta za chuma za kontena huizuia; kifaa kilichofungiwa humo hakiwezi kujua kilipo, na mara nyingi hata simu yake haifiki kwenye mnara. Lakiri za kielektroniki (sili za kufungia mlango) ambazo mamlaka za mapato hutumia kwa mizigo ya kwenda nchi jirani, kama katika mfumo wa pamoja wa Kenya, Uganda na Rwanda, hufungwa nje kwenye komeo la mlango, na hilo halikufanywa kwa bahati. Ifahamike pia kwamba lakiri husema mlango umefunguliwa au kebo imekatwa, saa ngapi na wapi. Haijui mlichopakia, kwa hiyo mzigo uliopungua kabla ya kufungwa utaonekana salama hadi Kigali.

Vile vitufe vidogo vya kutundika kwenye funguo navyo vimewachanganya wengi. Havina GPS ndani. Hutoa ishara fupi ya bluetooth, na mahali pake hujulikana pale tu simu ya mtu mwingine inapopita karibu na kuripoti. Kwa vifaa vya mafundi katika ghala la Kariakoo vinafaa. Kwa kijiko (mtambo wa kuchimba udongo) au jenereta iliyoachwa kwenye eneo la ujenzi wa barabara, ambako usiku yuko mlinzi peke yake, havifai, na vingine humtahadharisha mtu aliyenavyo kwamba anafuatiliwa, yaani humjulisha mwizi.

Wanaotaka betri ikae miaka mitano huku kifaa kikiripoti kila dakika wanataka kitu kisichowezekana. Kinachomaliza betri zaidi ni kutuma, na betri inayodumu miaka kwa ripoti moja ya kila siku itaisha baada ya siku au wiki chache ikiripoti kila dakika. Kwa mitambo inayolala, wekeni kifaa kinachoamka kinapotikiswa.

Kwenye mizigo ya baridi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa makosa huharibu chakula na dawa. Namba inayoonekana kwenye mashine ya ubaridi ya kontena ni ya joto la hewa inayoingia au inayorudi, na wasafirishaji huisoma kana kwamba ni joto la mzigo. Parachichi za Njombe zilizopakiwa kabla ya kupoozwa vizuri zinaweza kuwa na joto moyoni kwa muda mrefu huku hewa inayozizunguka ikisoma nyuzi 5. Kihisi kisichotumia waya kikiwekwa karibu na feni kitatoa habari nzuri za uongo. Kinatakiwa kuwa katikati ya mzigo, na kingine karibu na mlango, ambapo kwa kawaida joto huwa kubwa. Kwa chanjo, ambazo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, hofu isiwe ya joto peke yake, kwani chanjo ya homa ya ini aina ya B huharibika ikiganda, na chupa iliyowekwa mbele ya mkondo wa hewa baridi inaweza kuganda wakati wastani wa chumba unaonyesha nyuzi 4.

Kuna pia imani kwamba kihisi kipya hakihitaji kukaguliwa kwa sababu ni cha kidijitali. Jazeni chombo barafu iliyopondwa, ongezeni maji kidogo, koroga, subirini dakika chache, kisha tumbukizeni ncha ya kihisi bila kugusa kuta za chombo. Lazima kisome sifuri au karibu sana na sifuri. Kikisoma nyuzi 2, basi huenda ripoti zake za miezi iliyopita nazo zilikuwa zimeongeza nyuzi 2, na mzigo ulioonekana uko nyuzi 3 huenda ulikuwa nyuzi 1. Vihisi vya mafuta navyo hupimwa kwenye tangi lenyewe, kwa kumimina lita kwa hatua na kuandika kila usomaji, gari likiwa limesimama mahali tambarare, kwa kuwa umbo la tangi moja si la jingine na lori likiegeshwa mteremkoni mafuta huhama upande mmoja na kihisi husoma upungufu ambao haupo. Nikikuta tangi ambalo halikupimwa hivyo, ripoti zake za wizi wa mafuta sizitolei maoni hadi lipimwe upya.