Ini, Wavu na Moto: Kuchoma Nyama kwa Sheria ya Kiyahudi

Nasomesha sheria za vyakula za Kiyahudi, na kila muhula huulizwa swali hili: ng'ombe akishachinjwa na mchinjaji anayetambuliwa na marabi, kuna ubaya gani nikimchoma kwenye jiko la jirani?

Ubaya uko kwenye wavu. Chuma kilichochomea nguruwe jana huhesabiwa kuwa kimenyonya ladha yake, na leo kitaitema kwenye nyama yako. Sabuni haiitoi ladha hiyo, wala maji yanayochemka. Chombo hutema kwa njia ileile kilivyonyonya, wanasema marabi, na kilichonyonya kwa moto mkavu hutakaswa kwa moto mkavu. Msingi wake ni Hesabu 31:23. Wavu huchomwa hadi uive mwekundu; kipimo cha wazee ni cheche kuruka. Nyavu nyembamba za siku hizi hupinda kabla ya kufika hapo, kwa hiyo mimi hushauri watu wanunue mpya.

Moto huohuo ndio unaoliruhusu ini. Taurati inakataza damu, kwa hiyo nyama ya kawaida hulowekwa nusu saa, hukaa kwenye chumvi ya mawe saa nzima, kisha husuuzwa mara tatu. Ini limejaa damu mno, chumvi haitoshi. Hupasuliwa kwa kisu huku na huku, likasuuzwa, likanyunyiziwa chumvi kidogo, likawekwa juu ya moto wenyewe ili damu ichuruzike makaani. Kikaango hakifai, wala kulifunga kwenye foili, kwa sababu damu itabaki humo humo. Likishaiva hivyo, likaange na vitunguu upendavyo.

Siku ya Uhuru wa Israeli, Bustani ya Sacher mjini Jerusalem hufuka moshi wa mishikaki. Kwa wanaoshika sheria, jibini haikai meza moja na nyama hiyo, hata ikiwa ni ya kuku: katazo la kuku na maziwa limetoka kwa marabi. Angalia pia sosi. Ile ya Worcestershire kwa kawaida ina anchovi, na samaki hachanganywi na nyama.

Ukimwalika mwenzako Myahudi anayeshika sheria, mwache aje na nyama yake ikiwa imefungwa, mnunulie wavu mpya, na umwachie kibiriti, kwa sababu Myahudi sharti ashiriki katika upishi wenyewe. Kwa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, Myahudi akiwasha moto inatosha. Msefaradi, Myahudi mwenye asili ya Hispania, atataka aiweke nyama motoni kwa mkono wake.